Boksi la chujio la hewa la kujitengenezea: yanayosemwa na ukweli

"Boksi la alumini linapasha hewa moto, injini ya gari inapoteza nguvu."

Ni kweli alumini hupitisha joto mara mamia kuliko plastiki. Lakini piga hesabu. Injini ya cc 1500 ikizunguka mara 6000 kwa dakika inaweza kuvuta karibu lita 75 za hewa kila sekunde. Kwenye boksi la lita 6, hewa haikai hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Haipati muda wa kupashwa. Kwenye foleni, injini ikiunguruma tu, kuta huipasha kweli, ila hapo hakuna anayedai nguvu.

Angalia zaidi mdomo wa boksi unavuta wapi. Ukiwa nyuma ya radieta au juu ya egzosi, boksi la nyenzo yoyote litameza hewa ya moto, na kila nyuzijoto 10 za ziada hupunguza uzito wa hewa kwa takriban asilimia 3. Upeleke nyuma ya grili au ndani ya fenda, mahali ambapo maji ya madimbwi hayafiki.

"Plastiki ni plastiki, hata bomba la maji linatosha."

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. PVC ya mabomba huanza kulegea karibu na nyuzijoto 80. PLA ya printa za 3D hulegea kwenye 60, na chini ya boneti joto hilo ni la kawaida, hasa dakika chache baada ya kuzima injini, maana feni na maji vimesimama. ABS, plastiki nyingine ya printa hizo, huvumilia hadi karibu 100, lakini mvuke wa petroli unaoletwa na hozi ya kupumulia injini huidhoofisha mpaka ipasuke.

Viwanda hutumia polipropilini au nailoni yenye nyuzi za kioo. Tazama ndani ya boksi la gari lolote, utakuta mhuri kama PP (polipropilini) au PA6-GF30 (nailoni yenye nyuzi za kioo). Ndiyo maana njia bora kwa mtu asiye na mashine ni kununua boksi lililotolewa kwenye gari lililokatwa kuwa vipuri, kisha kulirekebisha. PP haishiki gundi za kawaida: iunge kwa hewa ya moto na kijiti cha PP hiyohiyo.

"Bati la geji 28 linatosha, ni jepesi."

Unene wake ni kama milimita 0.4. Chujio likianza kuziba na mvuto ukafika kilopaskali 2.5, kifuniko cha sentimita 20 kwa 30 kinabanwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 15. Bati hubonyea, mpira wa kuziba huachia, na vumbi hupita pembeni ya chujio kwenda kusaga ringi na silinda. Tumia alumini ya milimita 1.5 hadi 2, ukunje kingo na kupiga mifereji ya kukaza. Bati la zinki likichomelewa pia hupoteza kinga pale palipoungua, likashika kutu, na magamba yake huvutwa ndani.

"Ribiti, silikoni na sponji yoyote vitafanya kazi."

Upande wa baada ya chujio, kila kitu kinachoweza kung'oka kitaishia kwenye injini. Msumari wa chuma unaobaki ndani ya ribiti hulegea kwa mtikisiko. Chomelea, au weka ribiti upande wa vumbi pekee. Silikoni ya kawaida inaweza kutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni iliyo kwenye egzosi: nunua iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Sponji ya godoro hupitisha hewa. Kwenye kifuniko weka mpira wa povu usiopitisha hewa, wa aina ya EPDM au neoprini.

Fibaglasi inafaa, mradi utumie resini ya epoksi inayostahimili joto, usugue ndani na kupaka tabaka la mwisho ili nyuzi zisibaki wazi.

Na kipenyo cha bomba lenye sensa ya kupima hewa usikibadilishe, kwa sababu kompyuta ya injini imepangiwa kipenyo hicho.

Ukimaliza, weka taa ndani gizani, uone kama mwanga unavuja. Kisha paka grisi nyembamba ndani ya bomba baada ya chujio, uendeshe siku chache barabara ya vumbi. Ukikuta mchanga kwenye grisi, usiendelee kulitumia boksi hilo mpaka upate tundu.