Jinsi Tata kwa Mtoto Mchanga: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anapozaliwa mtoto ambaye mkunga hawezi kusema mara moja kama ni wa kike au wa kiume, iwe Kirumba mjini Mwanza au kisiwani Ukerewe, hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba mama alivunja mwiko. Ukweli ni kwamba hadi wiki ya 6 hivi ya mimba, viungo vya uzazi vya watoto wote havitofautiani, na jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu Y (ile ya kiume), ndiyo inayoanzisha korodani, ambazo nazo hutoa homoni za kujenga umbo la kiume. Hitilafu ikitokea popote katika mfululizo huo, umbo hubadilika, na hilo halina uhusiano na mwiko kama wa kula samaki aitwaye kamongo.

Wengine huamini kwamba huntha, yaani mtu mwenye jinsi tata, ana jinsi mbili kamili. Aghalabu sivyo. Chukua mtoto mwenye kromosomu XX, yaani za kike, ambaye tezi zilizo juu ya figo zake zimekosa kimeng'enya cha kutengeneza homoni iitwayo kotisoli: tezi hizo huzidisha homoni za kiume, kinembe kikakua hadi kufanana na uume, ilhali ndani ana ovari na mfuko wa uzazi kama msichana yeyote.

Hapa ndipo dhana potofu inapoua. Familia hushughulikia kinachoonekana, wakati mtoto mwenye aina kali ya ugonjwa huu hupoteza chumvi mwilini, na kati ya wiki ya 1 na ya 3 huanza kutapika, kukonda na kulegea. Mvulana mwenye ugonjwa huohuo yumo hatarini zaidi, kwa kuwa maumbile yake hayamshtui mtu, na kutapika kwake hudhaniwa ni maambukizi ya kawaida.

Si kweli pia kwamba hitilafu za kromosomu huonekana tangu kuzaliwa. Mwanamume mwenye kromosomu XXY, yaani X moja ya ziada, hali inayompata takriban mwanamume mmoja kati ya 600, huenda asijue lolote hadi anapotafuta mtoto na kumkosa, na kwa bahati mbaya mke ndiye hulaumiwa kwanza.

Kuhusu upasuaji, ambao jamaa huuulizia mapema mno, hauna haraka: kinachopaswa kupimwa siku hiyohiyo ni sodiamu, potasiamu na sukari katika damu ya mtoto, na akithibitika kukosa kotisoli atatumia vidonge maisha yake yote, dozi ikiongezwa kila apatapo homa.