Meli Ingali Inaundwa, Marubani Wajifunzie Wapi?

Tarehe 24 Novemba 2010, ndege za kivita za mwisho za Harrier ziliruka kutoka sitaha ya HMS Ark Royal, meli ya Uingereza ya kubeba ndege. Mwezi mmoja kabla, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kubana matumizi ya ulinzi: meli istaafu, na Harrier zote ziondolewe. Mwaka uliofuata ndege 72 ziliuzwa Marekani, zitumike kama vipuri. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo ilikuwa inaunda manowari mbili mpya za kubeba ndege, kila moja tani 65,000.

Wanafunzi huniuliza: marubani si wangesubiri tu meli iishe?

Fikiria kutua kwa ndege ya kulabu, usiku, sitaha ikipanda na kushuka. Rubani anaitazama taa moja ya rangi ya chungwa ubavuni mwa meli. Ikiwa juu ya mstari wa taa za kijani, naye yuko juu mno. Ikishuka chini ya mstari, yuko chini mno. Mkiani ndege ina kulabu, na kulabu hiyo lazima inase mojawapo ya nyaya zilizotandazwa sitahani. Matairi yakigusa tu, anasukuma injini hadi mwisho, kinyume kabisa cha rubani wa nchi kavu, kwa sababu kulabu ikikosa waya hana budi kupaa papo hapo. Mkono usipozoezwa husahau, na pengo lilikuwa la miaka.

Kwa hiyo Uingereza iliwaazimisha watu wake. Marubani wa jeshi la majini walipelekwa Marekani kurusha ndege za kivita za F/A-18, wengine Ufaransa kurusha Rafale. (Sitaha ya mshazari, manati ya mvuke ya kurushia ndege na mfumo wa kumwongoza rubani kwa kioo na taa ni ubunifu wa Waingereza wenyewe. Mchimba kisima alikuwa anaomba maji kwa jirani.)

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2010 serikali ilichagua kwa meli mpya F-35C, ndege ya kivita ya manati na kulabu. Mei 2012 ikarudi kwenye chaguo lake la awali, F-35B, inayoweza kutua wima. Je, waliojifunza kunasa waya walipoteza muda? Sidhani. Walichokipata ni mazoea ya kurudi na mafuta machache kwenye uwanja ambao haupo tena pale ulipouacha.

Wanaosahaulika ni wa chini. Huko Culdrose, kambi ya ndege za jeshi la majini iliyoko Cornwall, Uingereza, kuna sitaha ya kuigiza, nchi kavu kabisa, ambako vijana wa sitahani walijifunza kuongoza kwa ishara za mikono Harrier zilizokwisha kustaafu, injini zikinguruma lakini haziruki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Rubani mmoja unaweza kumwazimisha ng'ambo. Mamia ya watu wa kufunga minyororo, kujaza mafuta na kuzima moto ni kazi nyingine.

Tarehe 25 Septemba 2018 F-35B ya kwanza ilitua juu ya HMS Queen Elizabeth, mojawapo ya zile meli mbili mpya, karibu na pwani ya mashariki ya Marekani. Meli ilipofunga safari yake ya kwanza ya kikazi mwaka 2021, ilibeba F-35B 18. Za Uingereza zilikuwa 8. Kumi zilizobaki zilikuwa za kikosi cha Marine cha Marekani, na marubani wao.