Atomu si balbu, jamani

Jana tena. Kijana kasimama ubaoni, kachora vioo viwili vinavyotazamana, katikati kaweka atomu kama balbu, kisha kwa kujiamini kabisa: "Atomu inatoa fotoni yake, yaani chembe yake ya mwanga, vioo vinaizuia isitoroke." Wa tatu muhula huu. Umeme umekatika, feni imelala, joto la Dar mnalijua. Nikaishia kucheka.

Atomu iliyosisimka haina fotoni mfukoni. Kasi ya kuitoa inategemea atomu, ndiyo, lakini pia modi zilizopo, yaani namna ambazo uga wa mwanga unaweza kutikisika mahali hapo, za kupokea nishati hiyo kwa masafa hayo. Kwenye nafasi wazi isiyo na vioo modi ni tele, ndiyo maana tunadhani umri wa msisimko ni tabia ya atomu peke yake. Daladala hukushusha popote ukipiga kelele "shusha!" Panda mwendokasi pale Kimara: kati ya kituo na kituo, lia mpaka koo likauke, hushuki. Kaviti, yaani hiyo nafasi kati ya vioo, ni mwendokasi.

Mwanafizikia Purcell alishasema mwaka 1946 kwamba kaviti iliyooanishwa na atomu huharakisha utoaji. Sawa, hilo mnalikariri. Linalosahaulika ni kinyume chake. Mwaka 1985 Hulet, Hilfer na Kleppner walipitisha atomu za sesiamu katikati ya mabamba mawili ya metali. Urefu wa wimbi ambalo atomu ingetoa ulipozidi mara mbili ya nafasi kati ya mabamba, msisimko ulidumu angalau mara 20 zaidi. Sasa kama kazi ya vioo ni kurudisha fotoni iliyokwisha kutoka, hapo vilirudisha nini?

Mtaniuliza: "Atomu ilijuaje kuna mabamba?" Haikujua kitu! Inagusana na uga wa sumakuumeme, na uga huo mabamba yameshaukata umbo. Nafasi yenyewe haifiki milimita moja. Mwanga huivuka kwa muda usiofika pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni za sekunde.

Mfano wangu wa basi nao una mwisho. Kaviti ikiwa bora sana, abiria, yaani nishati ile, hushuka, akapanda, akashuka tena. Katika vioo vya metali ya niobiamu vya mwanafizikia Haroche fotoni ilikaa sekunde 0.13, na kuuliza "nani anayo sasa hivi?" hakuna maana.

Darasani nami husema mtikisiko wa ombwe, yaani wa uga hata pasipo fotoni yoyote, ndio unaoisukuma atomu itoe mwanga. Pangeni hesabu kwa utaratibu mwingine, lawama inahamia kwenye uga wa atomu yenyewe, na jibu halibadiliki hata chembe. Nimefundisha maelezo yote mawili kwa sauti ileile ya uhakika. Kwenye mtihani siliulizi.