Ulster: Kaunti Tisa, Nchi Mbili

Watu wengi hulitumia jina Ulster kana kwamba ndilo jina lingine la Ireland ya Kaskazini. Sivyo. Ulster ni mojawapo ya majimbo manne ya kale ya kisiwa cha Ireland, na ina kaunti tisa. Sita kati yake zimo Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza: Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Tyrone na Londonderry, ambayo wengi huiita Derry. Tatu zimo katika Jamhuri ya Ireland: Cavan, Monaghan na Donegal. Hizi tatu tusiziite "kusini" kwa mazoea tu. Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa kizima, iko Donegal.

Jimbo liligawanywa kwa hesabu ya vichwa. Serikali ya London, iliyoitawala Ireland nzima wakati huo, ilipoandaa sheria ya 1920 ya kuigawa Ireland na kuipa mabunge mawili, kamati ya mawaziri ilipendekeza bunge moja kwa kaunti zote tisa. Viongozi wa Waprotestanti waliotaka kubaki na Uingereza wakaitazama sensa ya 1911. Katika Ulster nzima Wakatoliki, ambao wengi wao walitaka Ireland ijitawale, walikuwa takribani asilimia 44, kwa hiyo wingi wa Waprotestanti ulikuwa mwembamba mno. Ukiziondoa Cavan, Donegal na Monaghan, Wakatoliki wanashuka hadi asilimia 34 hivi. Machi 1920 viongozi hao wakaridhika na sita, na Waprotestanti wenzao wa zile tatu wakaachwa nje huku wakilalamika kwamba wamesalitiwa. Fermanagh na Tyrone zilitiwa ndani ingawa Wakatoliki ndio waliokuwa wengi huko.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa lilikuwa kugeuza mipaka ya kaunti kuwa mpaka wa nchi. Mipaka hiyo iliwekwa zamani kwa ajili ya utawala wa ndani, nayo inafuata vijito na kingo za mashamba. Ndiyo maana mpaka wa leo una urefu wa karibu kilomita 500 na unapinda ovyo. Kijiji cha Pettigo, Donegal, kinakatwa na mto Termon. Ukivuka daraja uko Tullyhommon, Fermanagh. Eneo la Drummully ni la Monaghan, lakini hakuna barabara ya kulifikia kutoka kwingineko Monaghan bila kupita Fermanagh. Anayeendesha gari kutoka mji wa Clones, Monaghan, kwenda Cavan huvuka mpaka mara nne katika kilomita chache.

Tume ya kurekebisha mpaka, chini ya Jaji Richard Feetham wa Afrika Kusini, ilifanya kazi 1924 na 1925. Mapendekezo yake yalivuja gazetini, zogo likazuka, na Desemba 1925 serikali za London, Dublin na Belfast zikakubaliana kuuacha mpaka ulivyo. Vituo vya forodha vilivyofunguliwa Aprili 1923 vilidumu mpaka soko la pamoja la Ulaya lilipoanza Januari 1993.

Kiutawala, kaunti sita hazina tena mabaraza yake: tangu 1973 zilitumika wilaya 26, na tangu 2015 ziko 11. Cavan, Donegal na Monaghan bado zina ya kwao. Katika michezo ya jadi ya Kiireland, zote tisa hushindania ubingwa wa Ulster.

Leo hutakuta kizuizi barabarani. Utajua umevuka kwa vibao vya mwendo: kilomita upande wa Jamhuri, maili upande wa pili, na fedha hubadilika kutoka yuro kwenda pauni. Lakini sheria za uhamiaji ni mbili. Mkenya au Mtanzania mwenye viza ya Ireland, au kibali cha kuishi huko, bado anahitaji viza ya Uingereza ili aingie kaunti sita. Tahadhari hasa kwa wanafunzi wa Letterkenny, Donegal: basi la moja kwa moja kutoka Dublin hupitia Monaghan, kisha Omagh na Strabane, yaani ndani ya Tyrone, na askari wa uhamiaji wanaweza kulisimamisha. Asiye na viza ya Uingereza apitie Sligo, kisha Bundoran na mji wa Donegal. Ni mzunguko mrefu zaidi, ila njia yote imo ndani ya Jamhuri.