Kulala kwenye kibanda cha zamani milimani New Zealand: maji kwanza, mengine baadaye

Upande wa magharibi wa Kisiwa cha Kusini, New Zealand, mabonde ya milima yana vibanda vidogo vya mabati, vingi vya vitanda vinne au sita. Vilijengwa na idara ya misitu ya serikali, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili walale wawindaji waliolipwa kupunguza kulungu walioletwa kutoka Ulaya, ambao walikuwa wakiumaliza msitu. Mwaka 1987 idara hiyo ilivunjwa, vibanda vikarithiwa na Idara ya Uhifadhi. Vingi vya mbali vipo hadi leo kwa sababu watu wa kujitolea wamevikarabati.

Ukisikia kimekarabatiwa, usitegemee umeme wala mlinzi. Tegemea paa lisilovuja, sakafu imara, magodoro, choo cha shimo na mara nyingi jiko la kuni. Vibanda vya daraja la chini kabisa ni bure; vya kawaida vina tiketi za kununua kabla ya safari. Kwa kawaida nafasi haiwekwi: anayefika kwanza ndiye mwenye kitanda, na anayefika usiku amelowa husogezewa nafasi.

Kibanda kinaweza kuwa kipya na njia ikabaki ileile. Sehemu za milima hii hupata mvua zaidi ya mita 10 kwa mwaka, na mto uliouvuka asubuhi ukikufika magotini unaweza kuwa haupitiki jioni. Maji yakiwa ya kahawia, au ukisikia mawe yakigongana chini, usivuke. Subiri; mito hii hushuka haraka kama inavyopanda. Ndiyo maana nasisitiza chakula cha siku moja ya ziada, hata kwa safari ya usiku mmoja. Kwenye makorongo ya mawe makubwa hesabu kilomita moja kwa saa, na ubebe ramani ya karatasi pamoja na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, kwani simu hazishiki.

Ukifika, zunguka nje kwanza. Adui wa vibanda hivi ni unyevu. Udongo na majani yakilundikana ukutani, mbao zinazobeba sakafu huoza kwa chini bila mtu kuona. Yaondoe kwa mguu tu, inatosha. Tazama bomba la moshi linapotoboa paa, maana hapo ndipo huvuja mapema. Misumari ya zamani hulegezwa na upepo, kwa hiyo mafundi huweka skrubu zenye pete za mpira (washa).

Ndani, watu wanne wenye nguo mbichi na sufuria inayochemka hutoa mvuke mwingi, na mvuke ukigusa bati baridi hudondoka juu ya magodoro. Acha dirisha wazi kidogo hata kukiwa na baridi kali. Ukipikia jiko la gesi ni lazima, kwa kuwa hewa yenye sumu inayotoka kwenye moto haina harufu.

Jiko la kuni liwashwe kwa vijiti vikavu, kizibo cha hewa kikiwa wazi, kisha ukipunguze moto ukishashika. Plastiki na karatasi za alumini zisiingie humo: huziba na kula chuma. Viatu viingize ndani, kwani kasuku wa milimani, kea, huvichana. Chakula kining'inize, panya wapo.

Kabla ya kuondoka, rudisha kuni kavu nyingi kuliko ulizotumia, shoka likae ndani, mlango ufungwe kwa komeo. Andika kwenye daftari la kibanda majina, tarehe na njia mnayofuata, hata kama hamkulala hapo, kwa sababu waokoaji huanza kutafuta kwenye daftari hilo. Ukiona uvujaji, piga picha ya bati lenyewe ukiwa nje na uitume kwa Idara. Picha ya dimbwi sakafuni haimwambii fundi abebe nini.