Mukombero hauondoi kolesteroli: dhana kuhusu mafuta ya damu na nguvu za kiume

Katika masoko ya Kisumu na Kakamega, mwanamume anayelalamika kwamba nguvu zimempungua huelekezwa upesi kwa muuza mukombero, ile mizizi yenye harufu ya vanila inayofungwa vifurushi na kutafunwa mbichi. Dhana iliyopo ni kwamba kasoro imo katika kiungo chenyewe, au ni uzee tu, au ni mkono wa mtu.

Uume husimama kwa damu. Neva na utando wa ndani wa mishipa hutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli ya mishipa ili damu ijae. Kolesteroli ya LDL, ile iitwayo mbaya, ikizidi katika damu kwa miaka mingi, utando huo huharibika, gesi hupungua, na mafuta huanza kugandamana kwenye kuta. Kwa kuwa mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 na ile ya moyo milimita 3 hadi 4, ile midogo huziba mapema, hivyo tatizo la kitandani linaweza kuyatangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa. Mukombero hauondoi mafuta hayo. Unachoweza kufanya ni kumchelewesha mtu kupimwa moyo. Kisukari, shinikizo la damu, sigara na msongo wa mawazo pia huleta hali hiyo, kwa hiyo si kila kisa ni cha kolesteroli.

Wengine hujiona salama kwa kuwa ni wembamba, ilhali LDL ya juu inaweza kurithiwa, na kwa kawaida haijulikani hadi damu ipimwe. Wengine huyaamini maandishi ya “haina kolesteroli” kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Maandishi hayo si uongo, ila hayasemi lolote la maana, kwani mafuta ya mimea kwa asili hayana kolesteroli ya kutajika. Mawese, yanayotumika katika mafuta mengi ya kuganda, karibu nusu yake ni aina inayolipunguzia ini uwezo wa kuondoa LDL.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba statini, dawa za kupunguza kolesteroli, huua nguvu za kiume, maana homoni ya testosteroni hutengenezwa kwa kolesteroli. Majaribio ya kitabibu yameonyesha kwamba testosteroni hupungua kidogo tu, na kwa wanaume wenye kolesteroli nyingi na tatizo hilo, usimamaji kwa wastani uliimarika kiasi. Anayeshuku dawa yake amweleze daktari kabla ya kuiacha, na asijinunulie sildenafili, dawa ya kusaidia usimamaji, ikiwa anatumia dawa za nitrati za moyo, kwa sababu zikichanganyika shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla.