Mgahawa Umejaa, Faida Iko Wapi?

Wamiliki wengi wa migahawa na hoteli wanaokuja kutuomba ushauri huanza na swali lilelile: nifanye nini ili wateja waongezeke? Ni swali la haki. Lakini mara nyingi tukifungua vitabu vyao vya hesabu tunakuta wateja wapo. Mchana meza zimejaa, mwisho wa wiki vyumba vimejaa, na bado mwezi ukiisha mishahara inalipwa kwa kukopa. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika biashara hii kizuri hujiuza kweli, ila hakijihesabu chenyewe, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kwanza tuondoe hofu moja isiyo na msingi. Husemwa sana kwamba migahawa tisa kati ya kumi hufa mwaka wa kwanza. H. G. Parsa na wenzake walifuatilia migahawa ya jiji la Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, kuanzia 1996 hadi 1999, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2005 walionyesha kwamba iliyofungwa mwaka wa kwanza ilikuwa kama asilimia 26. Kufikia mwaka wa tatu jumla ilikuwa imekaribia asilimia 60. Idadi hiyo ni kubwa na inauma, lakini inatuambia kwamba wengi hufungua vizuri, wakapata wateja, kisha wakaishiwa nguvu polepole. Kinachowamaliza nguvu ndicho cha kuchunguza.

Ukiacha kodi ya pango, umeme, gesi na marejesho ya mkopo, fedha ya mgahawa huondoka kwa njia mbili: malighafi za jikoni na baa, na malipo ya wafanyakazi. Jumla ya viwili hivi ndiyo gharama kuu ya mgahawa. Kanuni inayotumika sana kwa mgahawa wenye wahudumu wa mezani ni kwamba gharama kuu isivuke asilimia 60 hadi 65 ya mauzo, na chakula peke yake kichukue kama asilimia 28 hadi 35. Gharama nyingine zikishatoka, kinachobaki kwa mmiliki mara nyingi hakifiki asilimia 10. Kwa hiyo upotevu wa asilimia tatu au nne jikoni, ambao hakuna anayeuona kwa macho, unaweza kula nusu ya faida ya mwaka mzima.

Tuutazame upotevu huo kwa karibu. Kadi ya mapishi inasema sahani ya nyama ipate gramu 180. Mpishi ni mzoefu, anauamini mkono wake, na mzani umewekwa juu ya kabati. Saa saba mchana oda zimerundikana. Anakata kwa kukadiria, na kila sahani inatoka na gramu 210. Mteja hajui kwamba ameongezewa, kwa hiyo hashukuru wala harudi kwa sababu hiyo. Zikiuzwa sahani 60 kwa siku, zimetoka gramu 1,800 za ziada, yaani nyama ya sahani 10 nzima iliyonunuliwa, ikasafishwa, ikapikwa na ikatolewa bure. Kesho itakuwa hivyo tena. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyezembea. Mpishi amefanya kazi kwa bidii, na pengine ndiye aliyechoka kuliko wote siku hiyo.

Dawa yake ni kuweka hesabu mbili sambamba. Ya kwanza ni gharama inayotarajiwa: chukua idadi ya kila sahani iliyouzwa, zidisha kwa gharama iliyoandikwa kwenye kadi ya mapishi. Ya pili ni gharama halisi: thamani ya stoo mwanzoni mwa wiki, ongeza manunuzi, toa kilichobaki mwisho wa wiki. Tofauti kidogo haikosekani, kwa kuwa kuna kilichomwagika, kuna sahani iliyorudishwa, kuna chakula cha wafanyakazi ambacho hakikuandikwa. Tofauti ikiwa kubwa na ikaendelea hivyo, kuna mahali pa kutafuta: vipimo vya sahani, uharibifu, wizi, au mzigo unaopokelewa mlangoni bila kupimwa. Hili la mwisho husahaulika sana. Mletaji akija wakati jikoni kuna pilikapilika, mtu husaini karatasi na kuendelea na kazi yake. Kilo zilizopungua zinalipwa kana kwamba zilifika. Tunasisitiza hesabu hii ifanywe kila wiki. Ikisubiri mwisho wa mwezi, mzigo ulishaliwa au kutupwa zamani, na aliyekuwa zamu hakumbuki chochote.

Menyu nayo ni chombo cha fedha, ingawa wengi huichukulia kama orodha ya mapambo. Mwaka 1982, Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Michigan State walipendekeza kila sahani ipimwe kwa mambo mawili kwa pamoja: inapendwa kiasi gani, na inaacha kiasi gani cha fedha baada ya kutoa gharama ya malighafi. Zinazopendwa na kuacha fedha nyingi waliziita nyota. Zinazopendwa lakini zinaacha kidogo ni farasi wa kulima. Zinazoacha nyingi ila haziagizwi ni mafumbo, na zile ambazo hazina hili wala lile waliziita mbwa.

Uzuri wa mtazamo huu ni kwamba unatutoa kwenye utumwa wa asilimia. Sahani ya kwanza inauzwa 50 na malighafi yake ni 12, yaani asilimia 24. Ya pili inauzwa 100 na malighafi yake ni 40, yaani asilimia 40. Anayeangalia asilimia peke yake ataisifu ya kwanza na kumkaripia mpishi kwa ya pili. Lakini ya kwanza inaacha 38 na ya pili inaacha 60, na mishahara hulipwa kwa kilichobaki. Fumbo basi lisiondolewe haraka. Libadilishwe jina, lisogezwe juu kwenye menyu, au wahudumu walionje ili waweze kulieleza. Mbwa aondoke, isipokuwa kama kuna kundi la wateja ambao bila sahani hiyo wasingekuja na wenzao.

Kuhusu punguzo la bei nitasema wazi: linatumika ovyo. Sahani ya 100 yenye malighafi ya 35 inaacha 65. Ukipunguza bei kwa asilimia 20, unauza 80 na unabaki na 45. Ili upate kiasi kilekile ulichokuwa unapata, lazima uuze sahani zaidi kwa asilimia 44. Je, jiko linaweza? Wahudumu wanatosha? Mara nyingi jibu ni hapana, na wateja wa zamani wanaanza kungoja chakula muda mrefu kwa sababu ya wageni waliofuata bei.

Kwenye hoteli hesabu inageuka kidogo, kwa kuwa chumba ambacho hakikuuzwa leo hakiwekwi stoo kikauzwa kesho. Ndiyo maana hofu ya chumba kitupu huwafanya mameneja washushe bei mapema. Chukua hoteli mbili zenye vyumba 100 kila moja. Ya kwanza inauza vyumba 90 kwa 50 na kupata 4,500. Ya pili inauza vyumba 70 kwa 70 na kupata 4,900. Anayepita nje ataona ya kwanza ndiyo inayofanya vizuri. Lakini ukigawa mapato kwa vyumba vyote vilivyopo, ya kwanza ina 45 na ya pili 49, na ya pili haikufua mashuka ya vyumba 20 vya ziada wala kuvipashia maji. Kipimo hiki cha mapato kwa kila chumba kilichopo ndicho tunachotaka kila mwenye hoteli akijue kwa kichwa. Cathy Enz na Linda Canina wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Mark Lomanno, walichambua takwimu za hoteli nyingi za Marekani na kuchapisha mwaka 2009: hoteli zilizoweka bei juu kidogo ya washindani wao wa karibu zilijaza vyumba vichache zaidi, lakini mapato yao kwa kila chumba yalikuwa makubwa zaidi. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kupandisha bei ya chumba chenye bomba linalovuja.

Migahawa ina kipimo ndugu na hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Sheryl Kimes, pia wa Cornell, alianza kupima mapato kwa kila kiti kwa kila saa. Mgahawa wenye viti 60 unaofanya kazi saa nne una saa za viti 240. Ukiuza 2,400, kila kiti kimekuletea 10 kwa saa. Pima saa moja moja utaona mambo ambayo jumla ya siku inayaficha: meza za watu wanne zinakaliwa na wawili wawili wakati wa msongamano, au wateja walimaliza kula zamani na bili haijaletwa. Hapo hakuna haja ya kumharakisha mgeni. Mhudumu akileta bili mara inapoombwa na meza ikasafishwa papo hapo, dakika 10 zinapatikana bila mtu kujisikia anafukuzwa.

Nimeanza na hesabu kwa sababu ndizo zinazokosewa zaidi, lakini zote zinashikwa na mikono ya watu. Mwaka 1994 James Heskett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza mnyororo ambao hadi leo ni msingi wa mafunzo ya huduma: mazingira mazuri ya kazi humfanya mfanyakazi aridhike na akae, anayekaa huijua kazi na humjua mteja, mteja anayehudumiwa vizuri hurudi, na kurudi kwake ndiko kunakoleta faida na ukuaji. Mmiliki anayeona mshahara kama gharama ya kubana tu anakata mnyororo huo mwanzoni kabisa. Mhudumu akiondoka, anaondoka na majina ya wageni, anayependa kukaa dirishani, asiyekula karanga kwa sababu zinamdhuru. Anayekuja badala yake atakosea oda wiki za kwanza, atasimamiwa na mwenzake ambaye naye ana meza zake, na gharama ya makosa hayo haiandikwi popote.

Kubana matumizi ya zamu kunawezekana bila kumuumiza mtu. Tazama mauzo ya kila saa kwa wiki kadhaa, kisha panga watu kulingana nayo. Tunakuta migahawa mingi ina wahudumu wanane saa nne asubuhi wakifuta meza safi, na haohao wanane saa saba mchana wakiwa hawatoshi. Ratiba ikitolewa mapema, mfanyakazi naye anaweza kupanga maisha yake; hilo pekee hupunguza kuacha kazi.

Kwa upande wa mteja, kinachopimwa zaidi ni uaminifu wa huduma: kupata leo kile alichokipata juzi, kwa wakati alioahidiwa. Na siku hizi anasema hadharani. Michael Luca wa Harvard, katika utafiti wa mwaka 2011 kuhusu migahawa ya Seattle, aligundua kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao ambako wateja huipa migahawa nyota na maoni, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na nguvu hiyo ilikuwa kwa migahawa isiyo na jina kubwa la matawi mengi. Kwa mfanyabiashara mdogo hii ni habari njema. Jibu kila lalamiko kwa adabu na kwa jina la meneja, eleza kilichorekebishwa, kisha uhakikishe kimerekebishwa kweli. Mashtaka matatu yanayofanana katika mwezi mmoja si bahati mbaya. Nenda jikoni au mapokezi ukatafute chanzo.

Usafi nao una bei yake sokoni. Mwaka 1998 kaunti ya Los Angeles ilianza kuitaka migahawa ibandike alama ya ukaguzi wa usafi mlangoni. Ginger Zhe Jin na Phillip Leslie walionyesha mwaka 2003 kwamba baada ya hapo alama za ukaguzi zilipanda, wateja wakazifuata alama katika kuchagua pa kula, na wagonjwa waliolazwa kwa maradhi ya chakula wakapungua. Hiyo ni afya ya watu, na hakuna hesabu ya faida inayotangulia mbele yake.

Jambo la mwisho ni fedha mkononi. Mgahawa hupokea fedha papo hapo lakini humlipa msambazaji baada ya wiki kadhaa, na kodi ya mauzo hukaa kwenye droo hadi tarehe ya kuiwasilisha. Droo hiyo humdanganya mmiliki. Humo kuna fedha ya msambazaji, ya mamlaka ya kodi na ya mishahara. Itengwe kila jioni kwenye akaunti nyingine kabla haijaonekana kama faida. Anayefikiria kufungua tawi la pili aanzie hapa: atoe fedha zote zisizo zake, alinganishe gharama inayotarajiwa na halisi kwa wiki 12 mfululizo, kisha akae mwezi mmoja bila kuingia jikoni. Tofauti ikipanda katika mwezi huo, tawi la kwanza bado linamtegemea yeye mwenyewe, na fedha ya tawi la pili ingefaa zaidi kumfundisha na kumlipa vizuri meneja wa hili lililopo.